Turituri Ambazo Hazikuchemshwa

Mtu asiyemjua Mama Rehma angedhani kila siku amedondosha senti njiani. Alitembea akitazama chini, mara anainama, mara anaingia kwenye ua wa watu bila hodi, na akitoka huko kiganja kimejaa mbegu. Tulipotaka kumtania tulimwuliza anafuga kuku wangapi. Alijibu kwamba kuku wake ni sisi wanawake wa Kaloleni, maana yeye huokota na sisi huvaa.

Mimi ni Benta, mama yake Ouma. Mlango wangu na wake ilitazamana kwa miaka kumi na minne. Alipokufa, kila aliyekuja kutoa pole aliniomba nimweleze habari zake, nami nilieleza ile nusu tamu: mikono yake, ucheshi wake, shanga zake zilizovaliwa msikitini na kanisani. Nusu ya pili niliimeza. Imenikaa kooni tangu hapo, na leo naitema.

Babu yake alikuja Kisumu na reli. Baba yake, mzee Abeid, alikuwa fundi cherehani karibu na msikiti, na mumewe, Mbarak, alitengeneza baiskeli mpaka alipofariki mwaka wa themanini na mbili, akamwachia wasichana watatu na pampu moja ya upepo. Kiswahili cha Mama Rehma kilikuwa kimenyooka. Chetu kilikuwa cha kuungaunga, nusu Kijaluo, naye alikuwa akikisikiliza huku anabana kicheko, kisha anatujibu taratibu kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Vitu vyake vyote vilikuwa vya kuokota. Kando ya mto Auji, kwenye matope ya njia ya Dunga, kulikuwa na nyasi ndefu zenye mbegu za kijivu, ngumu, zinazong'aa, kila moja na tundu lake la kuzaliwa. Hizo alisema Mungu amezitoboa mwenyewe kwa kuwahurumia wajane. Alizitunga tasbihi, na zilizobaki akazitunga rozari za Wakatoliki, akisema mbegu haiulizi mtu anasali wapi. Halafu samaki aina ya mbuta walipokuwa wengi ziwani, viwanda vikawa vinachukua minofu na kutuachia sisi mifupa, ile tuliyoiita mgongo wazi. Mama Rehma alipita nyumba kwa nyumba baada ya chakula akiomba pingili za uti. Aliziloweka kwenye maji ya majivu, akazianika juu ya mabati siku tisa, paka wote wa mtaa wakihudhuria. Ukiuona mkufu wake wa pingili shingoni mwa mtu, mweupe na laini, hungejua kwamba mwezi uliopita ulikuwa kwenye sahani kando ya ugali.

Lakini kilichompa jina ni turituri, zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo mmea wake hutambaa kwenye nyua za upande wa reli. Sisi tulizitaka kwa ajili ya watoto. Mama mkwe wangu, Adero, aliamini, na hakuwa peke yake, kwamba uzi wa mbegu nyekundu mkononi mwa mtoto humzuia mwenye sihoho. Sihoho ni jicho baya: mtu anakutazama unapokula, chakula kinageuka tumboni mwako, na dawa ya dukani haikufai. Mwenye jicho hilo huitwa jasihoho, na akishaitwa hivyo hakuna sabuni ya kumtakasa.

Turituri alizitengeneza tofauti na mbegu nyingine. Kwanza alizichemsha, muda ule ule wa kuivisha maharagwe, akamwaga maji mbali, akazianika, ndipo akazitoboa kwa sindano ya magunia iliyopashwa kwenye makaa na kuzitunga kwa uzi wa nyavu. Kuchemsha kulizifanya zififie. Wekundu ulikuwa kama wa matofali, na ule mng'ao ulikwisha. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaziharibu, akaniambia ndivyo bibi yake alivyomfundisha. Sikuuliza zaidi. Wazee wana mengi ya ajabu, na mtu akiuliza yote atazeeka kabla yao.

Mwenzake wa kuokota alikuwa Kageha, mwanamke wa Maragoli aliyepanga chumba cha nyuma ya nyumba yetu. Aliuza njugu za kukaanga, hakuwa na mtoto, na mume alikuwa amemtoka zamani. Yeye ndiye aliyebeba kikapu walipokwenda Dunga, yeye ndiye aliyeingia kwenye miiba, na Mama Rehma alimwita dada. Alikuwa na macho makubwa na tabia moja isiyofaa kwetu: mtu akila, Kageha alisimama akamtazama huku anatabasamu, kana kwamba kile chakula kinaingia tumboni mwake mwenyewe. Nadhani ilikuwa njaa ya watoto. Wakati ule sikufikiria hivyo.

Ouma alizaliwa mwaka wa themanini na tano. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, alikuwa anaota meno na kila kitu kinakwenda mdomoni, pamoja na kidole cha baba yake Ochieng akirudi kutoka kiwandani jioni. Mama Adero akatuma habari kwamba anakuja kutoka nyumbani kesho yake, na akakumbusha kwamba hajaona uzi mkononi mwa mjukuu wake. Nikakimbilia kwa Mama Rehma. Alikuwa na kopo la mbegu zilizochemshwa. Nikazitazama, nikamwambia zinafanana na maharagwe ya jana, na mama mkwe wangu atasema nimemvisha mtoto uchafu. Pembeni kulikuwa na ungo wa turituri zilizotoka kuokotwa, nyekundu zinazowaka. Nikasema nataka zile.

Akaniambia zile bado, nirudi Ijumaa. Nikasema Ijumaa haitanisaidia, mama mkwe anafika kesho. Namkumbuka akiugeuza ule ungo mkononi. Kisha akacheka, akasema haya, wewe si mteja, wewe ni mkwe anayeogopa, akapasha sindano. Akatoboa saba, akazifunga kwenye kifundo cha mkono wa Ouma, naye Ouma akazilamba papo hapo, tukacheka wote wawili.

Siku ya tatu mtoto akaanza kutapika. Jioni yake choo chake kikawa na damu. Alilia mpaka sauti ikaisha, akabaki anafungua mdomo tu. Mama Adero alikaa kitandani akiniuliza nani alimwona akila, nami nikakumbuka kwamba jana yake nilikuwa nimekaa kizingitini namlisha uji, na Kageha alisimama mbele yetu akasema huyu anakula vizuri. Nikalisema hilo. Hakuna aliyenilazimisha, nililisema kwa mdomo wangu.

Mama Adero akamleta mama mmoja wa Nyalenda anayetibu sihoho, akamchanja mtoto tumboni na kumpaka dawa. Asubuhi nyumba ilijaa wanawake wa mtaa. Kageha naye akaja, maana alikuwa hajajua kinachosemwa. Akapita katikati ya watu, akauinua mkono wa Ouma, akautazama ule uzi.

"Mtoe hii kitu," akasema. "Hii moja imekatika. Mtoto amekula nusu."

Mama Adero akageuka kwa wanawake polepole.

"Mmemsikia? Anataka tutoe kitu inachunga mtoto. Hiyo kitu inamchoma macho."

Tazameni jinsi mtego ulivyofungwa. Mtu pekee aliyetaka uzi utolewe ndiye hasa tuliyeamini uzi ule unamzuia. Kila neno ambalo Kageha angelisema kuanzia hapo lilikuwa ushahidi dhidi yake, na alilijua hilo, nikaona linavyomfikia usoni. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Rehma, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mtandio mdomoni.

Sasa, sikuwa mjinga kabisa. Kitu kilinigusa moyoni, kidogo, kama unyoya. Nikamwuliza, "Mama Rehma, mbegu zako zina neno?"

Akatazama chini, kama kawaida yake. "Hazina neno," akasema.

Kageha akauachia mkono wa mtoto, akatoka.

Mchana huo Ochieng alirudi kutoka zamu, akamtazama mwanawe, akatutukana sote pamoja na mama yake mzazi, akambeba mtoto mpaka hospitali. Muuguzi alipokuwa anatafuta mshipa wa kuwekea maji, uzi ulimzuia, akaukata na mkasi akanipa mkononi. Ouma alilala hospitali siku kumi na moja na akapona. Daktari alisema ni tumbo baya, wakati ule watoto wengi walikuwa nalo. Mama Adero alisema ni dawa ya Nyalenda. Mimi nilisema asante kwa wote wawili. Niliporudi nyumbani Mama Rehma aliniomba ule uzi akautengeneze, nikampa, na sikuuona tena.

Kageha alipewa adhabu isiyo na jina. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Alipopita, watu walifunika sahani na kugeuza migongo. Watoto waliitwa ndani. Njugu zake zilibaki kwenye karai kutwa nzima, na kesho yake zile zile. Mimi nami nilifunika sahani yangu, tena nilifunika kwa kishindo ili asikie. Mwezi haukuisha, alipakia kitanda na karai lake kwenye mkokoteni akahamia Migosi. Majirani walitoka kutazama. Mlango wa Mama Rehma ulikuwa umefungwa, na ndani palikuwa kimya kama nyumba ya waliosafiri.

Baada ya hapo hakutengeneza turituri tena. Alisema macho yamechoka na kazi ndogo ndogo, ingawa mbegu za Auji ni ndogo vile vile. Aliokota peke yake. Aling'oa mturituri wote wa upande wa reli, mikono ikachanika, akauchoma moto, na alipoulizwa akasema unaharibu nyua za watu. Na alimpenda Ouma kupita kiasi. Kila Idi alimshonea kanzu mtoto wa Kiadventista, nasi tukacheka. Kila siku ya kufungua shule alikuja na madaftari. Nilidhani ni ukarimu. Niliwaambia watu jirani kama huyu hapatikani.

Miaka ikaenda. Magugu yakalifunika ziwa, watu wakaanza kuyasuka vikapu na viti, na Mama Rehma alikuwa wa kwanza kukausha vikonyo vyake na kuvigeuza bangili. Lakini sukari ilikuwa imemwingia mwilini, na kufikia mwaka wa tisini na sita alikuwa haoni vizuri. Wasichana wake walikuwa wameolewa mbali. Mimi ndiye niliyempelekea chai asubuhi. Asubuhi moja nilimkuta ameketi na kopo la maziwa ya unga mapajani.

"Nyoosha mkono," akaniambia. Akanimwagia kiganjani kitu chepesi. Ulikuwa ule uzi. "Hesabu."

Nikahesabu. Zilikuwa sita na nusu.

"Hazikuchemshwa, Benta. Mbegu mbichi ikishatobolewa, sumu yake iko wazi. Bibi yangu alinionyesha nikiwa mdogo, na mimi siku ile niliiona hiyo nusu kabla hata ya Kageha kuinua mkono wa mtoto."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilimtazama yule mama kipofu mwenye miguu iliyovimba nikatafuta pa kumpiga. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia zina sumu pale nilipozikataa zile nyingine. Akajibu kwamba angelisema zina sumu, nani angenunua tena uzi wake, naye alikuwa mjane na wasichana watatu. Alidhani saba tu, kwa siku chache, hazina shida. Na siku ile mlangoni alikana akijiambia atasema kesho, kesho ikawa Kageha amehama, kisha ikawa mwaka. Nikalia. Nilikuwa nalia kwa hasira, lakini chini ya hasira nilijua nani aliyesema maharagwe ya jana, na nani aliyefunika sahani kwa kishindo.

Akaniomba nimpeleke Migosi. Tulikodi boda boda mbili, zile za baiskeli, nikamshikilia kila kona kwa macho. Kageha tulimkuta kwenye kibanda chake mbele ya nyumba za kupanga, karai lile lile, nywele zimekuwa nyeupe. Mama Rehma hakukaa. Alisimama akayasema yote, kuanzia ungo mpaka mlango, bila kujitetea. Kageha alikuwa anafunga njugu kwenye karatasi za gazeti na hakuacha kufunga.

"Rehma," akasema mwishowe, "mimi ndio nilikuwa nabeba kikapu. Ni wewe ulinifundisha kuchemsha na sababu yake. Niliona tu vile inang'aa, nikajua."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema pale pale kwamba Mama Rehma hakuzichemsha. Alinigeukia kwa mara ya kwanza.

"Ningesema hivyo wangefukuza yeye na watoto. Nikangoja aseme mwenyewe. Nikangoja mpaka mkokoteni ikajaa." Akamaliza kufunga kifurushi kimoja, akakibana ncha. "Na nyinyi mmetoka Kaloleni kuja kuniambia kitu mimi najua. Mngeambia wale hawajui."

Kisha akanipa kile kifurushi. Akasema ni cha Ouma. Akanitazama machoni, na yale macho makubwa hayakupepesa. Nilishukuru, nikakitia mkobani. Nyumbani nilikiweka juu ya kabati. Ouma alikuwa shuleni, nikajiambia nitampa akirudi. Aliporudi nikajiambia ameshakula.

Kesho yake Mama Rehma alinitaka nimfikishe kwenye bomba la maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati foleni imejaa. Nilimshika mkono. Alisimama mbele ya wanawake kumi na watano na madebe yao, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba Kageha hakuwa na jicho lolote, kwamba mtoto wa Benta aliumwa kwa mbegu zake yeye, mbichi, na kwamba alijua na akanyamaza miaka kumi. Watu walimtazama kwa huruma. Selpha, ambaye ndiye aliyewahi kugeuza mgongo kuliko wote, akasema pole pole kwamba sukari ikipanda inaleta maneno. Mwingine akasema hata marehemu shangazi yake alikuwa hivyo hivyo. Hawakutaka kuamini, na nawaelewa. Kuamini kungemrudisha kila mmoja kwenye sahani aliyoifunika.

Ndipo Selpha akanigeukia. "Mama Ouma, wewe ndio mama ya mtoto. Ni ukweli?"

Mama Adero, ambaye siku hizo aliishi nasi, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na fimbo yake. Nilisikia pumzi yake. Nikawaza kwamba nikisema ndiyo, swali litakalofuata ni nani aliyezikataa zile zilizochemshwa.

"Mama anaumwa," nikasema. "Twende ndani, Mama."

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Akautoa, akapapasa ukuta, akarudi mlangoni kwake peke yake.

Hakunilaumu. Aliendelea kunywa chai yangu wiki tatu, akiongea habari za mvua na bei ya mafuta ya taa, kisha akafariki alfajiri ya Jumatano na wakamzika siku ile ile kabla ya alasiri. Watu walikuja wengi, na wengi walivaa mbegu. Kageha alikuja pia. Alikaa mwisho wa jamvi, na pande zake zote mbili palibaki wazi. Nilikuwa na nafasi ya kwenda kukaa pale. Nilikuwa nagawa chai, na niliendelea kugawa chai.

Niliporudi nyumbani Ouma alikuwa amepanda kiti akitafuta kikombe. Akashusha kile kifurushi cha gazeti kutoka juu ya kabati, akapuliza vumbi, akaniuliza hizi njugu ni za nani.

Wiki tatu nzima nilikuwa naujua ukweli wote, mbegu sita na nusu nimezihesabu kwa mkono wangu, na bado sikuwa nimempa. Nikamwambia ni zake. Akakaa kizingitini, pale pale nilipokuwa namlisha uji, akaanza kula moja moja. Nikasimama mbele yake. Nilitaka kuondoka, nikabaki. Nilimwangalia kila punje inavyoingia na inavyomezwa, nikisubiri tumbo limkamate.

Akaacha kutafuna, akaniinulia macho.

"Mama," akasema, "usinitazame hivyo nikikula."